Uboho hautibu mapafu: basi kinachofanywa hasa ni nini?

Wiki mbili zilizopita ami yangu wa Wete alinirushia sauti ya Wasapu, dakika nne na ushei. Anayezungumza humo hajitaji jina. Anasema madaktari wa Marekani wamegundua kwamba mapafu yaliyokufa yanafufuliwa kwa uboho wa mtu mwingine, kwamba sindano moja inatosha, na kwamba upo utaratibu wa kuwasafirisha wagonjwa wa Unguja na Pemba, ila nafasi ni chache, anayetaka atangulize pesa ya kushika nafasi. Ami aliugua kifua kikuu zamani, akatibiwa akapona, lakini pafu la kulia lilibaki na makovu. Vidaraja vya kuingilia msikitini anavipanda kwa kupumzika mara mbili. Chini ya ile sauti ameandika maneno matatu tu: "Hii kweli, mwanangu?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikashindwa, kwa sababu uongo ule umejengwa juu ya kitu cha kweli. Hospitali zipo zilizompa mgonjwa mapafu ya marehemu na kisha uboho wa marehemu huyo huyo. Uboho umetumika, mapafu yametumika, na watu wamefaidika. Lakini uboho haukuyatibu mapafu. Ulifanya kazi nyengine kabisa, nayo ni ya ajabu kuliko hata hiyo inayosimuliwa kwenye sauti. Mimi si daktari. Nimesomesha baiolojia skuli za sekondari hadi nywele zikageuka rangi. Nitaeleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, nikianzia na supu.

Kila aliyewahi kukaa kwenye banda la supu asubuhi anaujua uboho. Mtu anachukua mfupa wa ng'ombe kwa kitambaa maana unaunguza, anaugonga kwenye ukingo wa sahani, mara mbili, mara tatu, halafu kitu kinateleza kutoka ndani kikitetema kama halua ambayo bado haijaganda vizuri. Ndimu, pilipili, basi. Huo ndio uboho. Kwenye taarifa za hospitali siku hizi utausikia ukiitwa uloto. Ni kitu kimoja.

Ila ule wa kwenye sahani sehemu kubwa ni mafuta. Uboho unaozungumzwa hospitalini ni mwekundu, na kwa mtu mzima unakaa zaidi kwenye mifupa bapa na mifupi: nyonga, kidari, mbavu, pingili za mgongo. Huko ndiko damu inakotengenezwa. Chembe nyekundu peke yake, mwili wa mtu mzima unatoa kiasi cha bilioni 200 kwa siku. Zinatoka huko pia chembe zinazogandisha damu unapojikata, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Wote hao wana mzazi mmoja, seli shina: seli chache, zimejificha ndani ya mfupa, kazi yao kuzaa maisha yote ya mtu.

Naomba tushike hilo la askari, maana kisa chote kimo humo.

Kila seli ya mwili wako imebeba juu yake alama za utambulisho, ambazo wataalamu wanaziita HLA. Ni kitambulisho chako. Nusu umeirithi kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana alama hizo. Watu baki, nafasi ni ndogo mno. Chembe nyeupe zinazunguka usiku na mchana zikikagua vitambulisho, mfano wa vijana wa ulinzi shirikishi katika shehia: huyu mwenyeji, apite; huyu hatumjui, mkamateni. Bila ya ukaguzi huo kidonda kidogo tu cha mguuni kingetosha kukuua.

Sasa mlete mgeni. Pafu la mtu mwengine likishonwa kifuani, seli zake zote zina vitambulisho vya kule lilikotoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwili hauna subira hiyo, humpokea kwa panga siku ya kwanza. Hali hiyo ndiyo inayoitwa mwili kukikataa kiungo. Watu wengi hudhani kiungo kikikataliwa basi daktari alishona vibaya, au marehemu hakuwa na nia njema. Hapana. Kukataa ni dalili kwamba ulinzi unafanya kazi yake sawasawa, isipokuwa hakuna aliyewaambia walinzi kwamba mgeni huyu kaalikwa.

Njia iliyozoeleka ni kuwalevya walinzi. Kuna dawa ambazo aliyepandikizwa kiungo huzimeza kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa uhai wake. Mojawapo ya zile za mwanzo zenye nguvu, saiklosporini, ilitoka kwenye ukungu uliopatikana ndani ya udongo wa nyanda za juu za Norwei, na ilipoingia hospitalini miaka ya mwanzo ya 1980 ilibadilisha kabisa kazi ya kupandikiza viungo. Nyengine inayotumika sana leo, takrolimusi, nayo ilitoka kwenye udongo, huu wa Japani, chini ya mlima Tsukuba. (Hupenda kuwakumbusha hili wale wanaoona kila dawa ya hospitali ni kitu kilichotoka kiwandani hakina asili.) Lakini mlinzi aliyelevywa hachagui. Hamkamati mgeni, na mwizi pia hamkamati. Kwa hivyo mtu anayetumia dawa hizi maambukizo madogo humlaza kitandani, saratani za aina fulani humkaribia zaidi, na dawa zenyewe taratibu zinachosha figo.

Kwa mapafu hesabu ni ngumu zaidi kuliko kwa kiungo kingine chochote kikubwa. Figo na ini vimo ndani, vimefunikwa. Pafu ni kiungo cha ndani kilicho wazi kwa nje. Kila siku linapitisha zaidi ya lita 10,000 za hewa, na hewa hiyo ina vumbi la barabara ya shamba, moshi wa makumbi, chavua, virusi vya mafua ya watoto wa jirani. Ni sawa na nyumba ambayo mlango wake haufungwi, basi walinzi hawaondoki barazani kwake. Mgeni umempangisha pale pale wanaposhinda askari.

Matokeo yanaonekana kwenye historia. Pafu la kwanza lilipandikizwa na James Hardy huko Mississippi, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa aliishi siku 18. Miaka 20 ikapita mpaka Joel Cooper wa Toronto, Kanada, mwaka 1983, alipompandikiza mgonjwa pafu akaishi nalo miaka. Leo duniani yanapandikizwa maelfu kila mwaka, na bado katika kila watu kumi waliopandikizwa, watano hivi ndani ya miaka mitano huingia kwenye ule ukataaji wa polepole: vijia vidogo vya hewa ndani ya pafu vinaota makovu, vinakaza, pumzi inapungua mwezi hadi mwezi. Nusu ya waliopandikizwa hawavuki miaka sita au saba. Aliyepata figo ana matumaini marefu zaidi ya hapo.

Tena pafu halisubiri. Likishatolewa kwa marehemu, hata likiwekwa kwenye barafu, kwa kawaida lina muda wa kama saa sita tu. Hakuna nafasi ya kutafuta dunia nzima mtu mwenye alama za HLA zinazolingana. Madaktari huangalia kundi la damu, huangalia ukubwa wa kifua, wakaondoka.

Hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kujiuliza swali la upande wa pili. Kama kuwalevya walinzi kuna madhara haya yote, je, hawawezi kufundishwa?

Jibu lilianzia kwa ng'ombe. Mwaka 1945 mtafiti wa Marekani, Ray Owen, alikuwa akichunguza damu za ng'ombe pacha wasiofanana. Akakuta kila pacha ana damu za aina mbili, ya kwake na ya mwenzake. Mapacha wa ng'ombe tumboni hushirikiana mishipa ya kondo la nyuma, seli za huyu zinaingia kwa yule, zinakwenda kukaa ndani ya mifupa na kuzaa huko. Ajabu haikuwa kuingia. Ajabu ilikuwa kwamba hawakukataana. Ng'ombe amekuwa mkubwa, anakula majani, na ndani ya mfupa wake kuna seli za mwenzake zinazaa askari kila siku, na amani imetanda.

Peter Medawar, Mwingereza ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akihangaika na ngozi za kuwabandika watu walioungua, akalichukua jambo hilo akalijaribu kwa panya. Yeye na wenzake wawili waliwaingizia vitoto vya panya vilivyo bado tumboni seli za panya wa ukoo mwengine. Walipokua wakabandikwa ngozi ya ukoo ule ule. Ikashika. Wakabandikwa ngozi ya ukoo wa tatu, wakaikataa kama kawaida. Maana yake walinzi hawakuwa wamelevywa wala kudhoofishwa. Walikuwa wamemjua mgeni mmoja kwa jina lake. Mwaka ulikuwa 1953, na mwaka 1960 Medawar alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Kwa nini ikawa hivyo? Askari wa mwili wa aina moja muhimu, wakitoka kwenye uboho, hawaendi kazini moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye tezi iliyo nyuma ya kidari, thaimasi. Hiyo ni skuli, na nimesomesha muda mrefu lakini sijawahi kuona skuli kali kama hiyo. Kila mwanafunzi anaoneshwa alama za mwenyeji. Anayetaka kuzishambulia anauliwa pale pale. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawatoki. Sasa, kama ndani ya uboho wako kuna seli za mgeni zinazozaa pamoja na zako, basi alama za mgeni nazo zinaingia darasani. Askari anayehitimu hapo anamtambua mgeni kuwa ni mwenyeji. Hajalazimishwa kumvumilia, hajui kwamba ni mgeni.

Kwa hivyo uboho ndiko askari wanakozaliwa, na ndio unaopeleka picha za wenyeji skuli. Anayeupata uboho wa mtu fulani anaweza, mambo yakienda vizuri, kupokea kiungo chochote cha mtu huyo. Si kwamba uboho umekwenda kuliponya pafu. Umekwenda kubadilisha daftari la sheha.

Kutoka panya hadi binadamu palikuwa mbali. Pittsburgh, Marekani, Thomas Starzl, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kupandikiza ini, mwaka 1992 alieleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa walioishi muda mrefu na viungo vya watu, walikutwa na seli za aliyetoa kiungo zimetawanyika mwilini, chache mno, miaka mingi baada ya upasuaji. Baada ya hapo pale pale walianza kuwatilia wagonjwa uboho wa marehemu pamoja na kiungo chake, wakiwemo waliopokea mapafu. Ilikuwa njia nyepesi: uboho wa mwenyeji hauguswi, unamwagiwa tu wa mgeni juu yake. Haikuleta madhara yaliyohofiwa, na ilitia matumaini, lakini haikufikia kuwaachisha watu dawa. Seli za mgeni zilikuwa kidogo, na zilipotelea kwenye umati wa wenyeji.

Ili seli za mgeni zishike, inabidi zitengenezewe nafasi. Yaani uboho wa mwenyeji upunguzwe kwa dawa kali za saratani au mionzi, mbegu mpya ipate pa kuota. Bwana shamba atanielewa: hupandi mche chini ya mwembe uliosongana na ukategemea kula matunda. Kwa figo njia hii ilijaribiwa kabla. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walitoa taarifa ya wagonjwa watano waliopewa figo na uboho wa mtu mmoja ambaye hawakulingana naye alama zote. Wanne kati yao waliacha dawa. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kikatoa taarifa ya watoto watatu wenye maradhi adimu yanayoharibu kinga na figo pamoja: kwanza walipewa uboho wa mzazi, miezi baadaye wakapewa figo ya mzazi yule yule, na hawakuhitaji tena dawa za kuzuia kukataa.

Angalieni mpangilio wa Stanford: uboho kwanza, kiungo baadaye. Kwa mzazi aliye hai inawezekana; anatoa leo, anarudi nyumbani, anatoa tena mwakani. Mapafu mawili lakini hutoka kwa marehemu, na marehemu hutoa mara moja.

Wagonjwa waliofanya suala hili liwe la lazima ni watoto na vijana wanaozaliwa na kinga mbovu. Uboho wao una kasoro tangu tumboni, askari hawatoshi au hawajui kazi, na kila homa ya mapafu inaacha kovu mpaka mapafu yanakwisha. Mtoto huyu amefungiwa milango miwili, na ufunguo wa kila mlango umo chumba cha pili. Umpe uboho mpya, atapata kinga. Lakini mapafu yaliyochakaa hayawezi kuhimili zile dawa kali za kuandaa uboho, atakufa njiani. Umpe mapafu mapya basi. Lakini kinga hana tangu zamani, na sasa unamuongezea dawa za kuipunguza hiyo kidogo iliyobaki. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilikuwa zikisema hapana kwa yote mawili.

Huko huko Pittsburgh, timu iliyoongozwa na daktari wa watoto Paul Szabolcs iliamua kufungua milango yote kwa marehemu mmoja. Siku mapafu yanapotolewa, hutolewa pia pingili za mifupa ya mgongo wa marehemu, na uboho ukakamuliwa humo. Maabara wanauchuja: seli shina zinabaki, wale askari waliokwisha komaa wanaondolewa. (Kwa nini waondolewe nitasema sasa hivi.) Halafu uboho unagandishwa kwenye baridi kali kupita friza yoyote unayoijua, ukawekwa. Mgonjwa anashonewa mapafu na kutumia zile dawa za kuwalevya walinzi kama kila mtu. Miezi kadhaa inapita, kifua kinapoa, anapumua vizuri, anakula, anapata nguvu. Hapo sasa ndipo mwili unapoweza kubeba dawa za kuandaa uboho.

Siku ya uboho wenyewe, ndugu wanaokuja wakitarajia upasuaji huondoka wamekata tamaa, hakuna cha kuona. Kifuko chenye kitu chekundu kinaning'inizwa kama cha damu. Kinateremka kwenye mpira, tone kwa tone, mshipani. Kilichobaki ni harufu: dawa iliyowekwa kuzilinda seli zisipasuke kwenye barafu inatoka kwa pumzi ya mgonjwa, na chumba kizima kinanukia kama jiko ambalo sasa hivi limesagwa kitunguu thomu. Inachukua siku moja na zaidi kwisha. Seli shina hazioneshwi njia. Zinaelea kwenye damu mpaka zinaifikia mifupa, zinaingia, zinakaa. Kinga kamili huchukua miezi mingi kujijenga, na baada ya hapo tu, kidogo kidogo, dawa za kuzuia kukataa zinapunguzwa. Wapo waliofika kuziacha kabisa, wanapumua kwa mapafu ya mtu aliyefariki na kulindwa na askari wa mtu huyo huyo.

Turudi kwenye uchujaji. Uboho usipochujwa vizuri, umeleta nyumbani si mche tu bali na askari wazima wa kule ulikotoka. Hao wakifika wanaangalia vitambulisho, wanaona mwili mzima ni wa kigeni, wanaanza kuushambulia: ngozi, utumbo, ini, hata mapafu. Mgeni anamfukuza mwenyeji. Maradhi haya yanaua, na ni sababu moja kubwa kwa nini daktari mwenye akili hatakupa uboho wa mtu kwa sababu unakohoa. Sababu nyengine ni zile dawa za maandalizi, ambazo kwa wiki kadhaa humwacha mgonjwa bila ulinzi wowote. Ni njia ya watu wachache mno, ambao kubaki walivyo ni hatari kuliko kuipita.

Kwa hiyo ami, na wengine wenye makovu ya kifua kikuu, pumu, au kifua cha moshi wa jikoni, hawamo humu kabisa. Uboho hauondoi kovu kwenye pafu. Hata kwa wale watoto wa Pittsburgh, mapafu yao ya zamani hayakupona. Yalitolewa yakawekwa mengine. Ile sauti ya Wasapu imechukua nusu ya pili ya kisa ikaifuta nusu ya kwanza. Na biashara ya kuuza sindano za seli shina kwa wagonjwa wa mapafu si mpya. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imekuwa ikiwatahadharisha watu wake kwa miaka juu ya vituo vinavyouza matibabu ya aina hiyo ambayo hayajathibitishwa.

Yapo maswali mengine nimeyakuta barazani, na haya ni ya haki.

La kwanza, la kupooza. Wengi wakisikia uboho wanafikiri ni kile kinachopita ndani ya uti wa mgongo, na kwamba anayetoa ataburura miguu. Ndani ya uti unapita mshipa mkubwa wa fahamu, nao hauguswi. Uboho umo ndani ya mfupa wenyewe. Mtu aliye hai hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, akiwa amelazwa usingizi, au siku hizi mara nyingi hudungwa dawa inayozitoa seli shina mfupani zikaingia kwenye damu, zikachujwa kutoka mkononi kama anayetoa damu. Nyonga humuuma siku chache, mfano wa aliyeanguka kwenye mnazi mfupi. Uboho aliotoa hurudi ndani ya wiki chache.

La pili ni la nasaba, na aliyeniuliza ni bibi mmoja wa makamo aliyekuwa kimya muda wote: je, aliyepewa uboho amekuwa ndugu, kama waliochangia ziwa? Ni swali zuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kisayansi jambo fulani kweli hubadilika. Baada ya uboho kushika, kundi la damu la mgonjwa linaweza kuwa la aliyetoa, na kipimo cha vinasaba kikifanywa kwa damu yake kitaonesha mtu mwengine. Lakini mbegu za uzazi hazitoki kwenye uboho. Watoto atakaowazaa ni wake, wana sura za kwao. Kuhusu undugu, masheikh walioulizwa juu ya kuongezewa damu walijibu kwamba hauingii kwenye hukumu ya kunyonya. Na juu ya viungo kwa jumla, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo, hata kutoka kwa maiti, kwa masharti, mojawapo idhini na jengine kisiuzwe. Anayetaka la uboho kwa ufafanuzi, Ofisi ya Mufti ipo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Na tabia? Kwamba ukipewa pafu la mlevi utatamani pombe? Hapana.

Huku kwetu mapafu hayapandikizwi. Figo ndiyo, Muhimbili walianza mwaka 2017. Uboho pia ndiyo, na hili ndilo ningependa lisikike zaidi visiwani kuliko habari za Pittsburgh: Muhimbili waliupandikiza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 iliwapandikiza watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, uboho wa ndugu zao. Selimundu tunayo, kila skuli niliyosomesha ilikuwa na mtoto anayekosa mitihani kwa maumivu ya viungo. Kwa mtoto huyo uboho ni tiba ya ugonjwa wenyewe, maana kiwanda kilichoharibika ndicho kinachobadilishwa. Anayehitajika ni ndugu wa tumbo moja mwenye alama zinazolingana, na mzazi asiyeogopa kwamba mwanawe wa pili atapooza.

Nilimrikodia ami yote haya, kwa ufupi zaidi, nikamaliza kwa kumwambia aende hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, apimwe pumzi na kupigwa picha upya, maana makovu ya kifua kikuu nayo yana dawa za kupunguza kubana na mazoezi ya kupumua, na kubwa kuliko yote ni kuuhamisha moshi wa jikoni. Akakaa kimya siku nzima, alama mbili za buluu zinaonekana. Usiku akajibu kwa sauti.

"Nimekufahamu, mwanangu. Ila kuna ng'ombe nimeshamtafutia mnunuzi, kaacha na arubuni."

"Mrejeshee arubuni yake, ami."

"Arubuni nimeshairusha kwa yule bwana wa sauti," akasema, halafu akakohoa kidogo. "Basi nitamuuzia kweli yule ng'ombe."